Ningu Aliyekataliwa na Mkwe

Nimeletewa hii na mtu aliyekasirika. Nimeisoma, nami nikakasirika. Sasa naileta kwako, na usiniambie huna nafasi ya kusoma, maana nafasi ya kututumia picha umeshika samaki mkononi huwa unayo kila Jumamosi.

Palikuwa na mto unaitwa Kirumbe, unaomwaga maji yake ziwani. Kila masika, maji yakijaa, samaki aitwaye ningu hutoka ziwani akapanda mto huo, akapita kivukoni, akaenda kutaga mayai huko juu kwenye majani yaliyofurika. Anapanda akiwa na tumbo limejaa. Anayemvua wakati huo havui samaki mmoja, anavua ukoo mzima.

Watu wa Kirumbe walikuwa wavuvi wa ndoana, na walijivunia hilo kupita kiasi. Mwenye wavu walimwita mwizi. Mwenye kokoro, ule wavu mrefu wa kukokota, walimfukuza kwa mawe. "Sisi ni wastaarabu," walisema, "tunavua mmoja mmoja." Mmoja mmoja! Mchwa naye anakula nguzo ya nyumba yako kidogo kidogo, na nyumba inaanguka vilevile.

Tena walikuwa na mila yao. Ningu wa kwanza ambaye mwanamume anamvua masika, hampeleki kwake. Anampeleka kwa mama mkwe wake, na lazima awe na mayai. Ukipeleka asiye na mayai, umemtukana mama wa watu. Na kabla mkwe hajapokea wake, wewe na watoto wako hamgusi ningu hata mchuzi. Ndiyo mila. Kwa hiyo kila masika, wanaume wote wa Kirumbe walikuwa wanawinda akina mama wenye matumbo, kwa heshima na adabu.

Ningu wakapungua. Mwaka hadi mwaka wakazidi kupungua. Unajua wavuvi walimlaumu nani? Walimlaumu mnandi, kwamba ndege huyo anakula sana. Wakawalaumu wakulima wa juu, wakawalaumu watu wa nyavu wa ziwani. Mungu naye akasingiziwa. Serikali ilisimamisha kibao pale kivukoni: ni marufuku kuvua wakati wa kutaga. Walikitumia kuanikia mashati.

Sasa kulikuwa na mvuvi mmoja, Bwire, hodari kuliko wote na mbishi kuliko wote. Siku moja alitaka nyungunyungu wa chambo. Badala ya kwenda kuchimba pembeni ya mto kama watu wengine, aliingia kwenye bustani ya mke wake, Nyanjura, akafukua matuta ya mchicha uliokuwa ndiyo kwanza unachipua. Akapata chambo chake, akaenda zake akipiga mluzi.

Nyanjura aliporudi, hakupiga kelele. Aliangalia matuta, akafunga nguo zake kwenye khanga, akarudi kwao.

Mwanzoni Bwire alisema, "Atarudi tu." Baada ya kupika ugali mbichi mara kadhaa, alikuwa anasema, "Lazima nimfuate." Na kumfuata mke Kirumbe si kwa maneno matupu. Unakwenda na ningu wa mkwe.

Alikaa mtoni mpaka magoti yakafa ganzi. Ningu hakuna. Siku moja, watu wakiwa wamekwishakata tamaa, ndoana yake ikavutwa. Alikuwa ningu mkubwa, jike, tumbo limevimba mayai. Bwire alimtia hai kwenye ndoo ya maji ili mkwe amwone akichezacheza, akaondoka mbio.

Mama mkwe wake aliitwa Bi Nyamumwi. Bwire alisimama mwisho wa uwanja, kama inavyompasa mkwe, akainamisha macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndoo ya nini?"

"Nimekuletea ningu wako, mama. Nimekuja kuomba mwenzangu."

Bi Nyamumwi alichungulia kwenye ndoo. Akatazama sana. Tusidanganyane, mama huyu alipenda mayai ya ningu kuliko nyama ya mbuzi. Mate yalimjaa. Halafu hasira zikampanda.

"Mwaka jana uliniletea nini?"

"Sikupata, mama."

"Mwaka juzi?"

"Kale kadogo."

"Na leo umepata mmoja, pengine ndiye wa mwisho, unataka nimkaange ili umchukue binti yangu. Mwakani ukifukua tena bustani yake, utaniletea nini? Chura?"

Bwire akaishika ndoo, Bi Nyamumwi akaendelea.

"Mrudishe ulikomtoa, akiwa hai. Mimi nitakuwa nashuka kivukoni. Siku nitakayomwona ningu anapita pale kwenda juu, na hakuna ndoana hata moja iliyotupwa, siku hiyo njoo umchukue mkeo. Kabla ya hapo usinikanyagie uwanja wangu."

Fikiria aibu hiyo. Mwanamume mzima anarudi mtoni na ndoo ileile, samaki yuleyule, na wanawake njiani wanauliza, "Vipi shemeji, amekataa?" Alifika kivukoni uso umemvimba. Akaingia majini, akaishusha ndoo taratibu, ningu akatoka, akapinda mkia, akaanza kupanda.

Hakufika mbali. Juu kidogo tu, rafiki yake Bwire, aitwaye Masatu, alikuwa amekaa kwenye jiwe anaangalia kila kitu. Akatupa ndoana. Akampata.

"Masatu!" Bwire alipiga ukelele. "Nimemwachia huyo! Umeniona nikimwachia!"

Masatu alicheka mpaka akashika mbavu. "Wewe umemwachia, mimi nimempata. Riziki haina mwenyewe, bwana. Nisingemvua mimi, angevuliwa na mwingine."

Hapo niliposoma niliweka simu chini kwanza. Nisingemvua mimi, angevuliwa na mwingine! Hilo neno ndilo lililomaliza misitu, likamaliza swala, na sasa limeshuka mpaka mtoni. Kila mwizi duniani analo mfukoni. Bwire alitamani kumpiga ngumi, lakini angempigia nini? Yeye mwenyewe alikuwa amelisema neno hilo miaka yote.

Masatu akamtia ningu kwenye beseni, akampeleka kwa mama mkwe wake yeye, Bi Nyabise. Ila kumbuka, habari za wanawake wa Kirumbe zinakwenda haraka kuliko maji. Bi Nyabise alikwishasikia. Hakushangilia wala hakusema asante. Alimkamata yule ningu, akampanua mdomo, akautazama juani.

"Masatu, baba, huyu ana matundu mawili ya ndoana."

"Eeh, mama, labda…"

"Ndiye yule wa Bwire?"

Masatu akarudi hatua moja nyuma.

"Yaani samaki aliyekataliwa na Nyamumwi, ndiye unayeniletea mimi? Mimi ndiye wa kula makombo ya Nyamumwi?"

Beseni liliruka. Ningu alianguka uwanjani, tumbo likapasuka, mayai yakatapakaa mchangani, kuku wakayakimbilia. Ukoo ule wote ulioponea mkononi mwa Bwire ukaishia kwenye midomo ya kuku. Bi Nyabise alipoona hivyo aliwakimbilia kuku awafukuze, akachelewa. Masatu alikwishakimbia, na kabla jua halijashuka kijiji kizima kilikuwa kimempa jina jipya: Masatu Makombo.

Bwire aliposikia, alicheka kwa mara ya kwanza tangu mke aondoke. Kisha akaacha kucheka, akafikiri.

Alichukua tupa, akasaga kile kijino cha ndoana kinachomzuia samaki asichomoke, mpaka ndoana ikawa laini. Akashuka mtoni. Ningu walikuwa bado wapo, wachache, wa kuhesabika. Akamvua mmoja, akamchomoa akiwa bado majini, akamwachia, kisha akapaaza sauti mpaka ng'ambo ikasikia:

"Huyu amekataliwa na mkwe wangu!"

Akavua mwingine. "Na huyu pia amekataliwa!"

Wavuvi wakasimama. Wakaelewa. Ikiwa Bwire anawashika ningu na kuwaachia, nani sasa atajua yupi amekataliwa na yupi hajakataliwa? Nani athubutu kumpelekea mkwe wake samaki, halafu mdomo upanuliwe juani, lionekane tundu lisilo lake?

"Bwire, unatuharibia mto!" walifoka.

"Nani ameuharibu mto?" Bwire naye alifoka. "Mimi? Mnandi? Semeni! Mwaka gani mmewahi kuacha hata mmoja akapita? Mnawatukana watu wa kokoro, na nyinyi mnawangoja hawa mlangoni wakiwa na mimba!"

Mmoja akamjibu, "Na wewe ulikuwa wa kwanza."

"Nilikuwa wa kwanza! Ndiyo! Sasa?"

Walitukanana mpaka sauti zikakauka. Lakini ndoana zikaanza kurudi nyumbani. Dhamiri haikuwahusu, usijidanganye. Waliogopa kuitwa Makombo. Bila ningu wa mkwe hawakuruhusiwa kula ningu, na ningu wa mkwe hakuna aliyethubutu kumpeleka. Mila ileile iliyokuwa inamaliza samaki ikawafunga mikono. Mimi sijali waliacha kwa sababu gani. Samaki naye haulizi.

Bwire alifurahi. Akatuma neno kwa Bi Nyamumwi kwamba mto umetulia, aje kivukoni aone.

Bi Nyamumwi akaja, na Nyanjura nyuma yake. Wavuvi walikuwa wamekaa ukingoni, mikono mitupu, Masatu naye akiwamo, amenuna. Maji yalikuwa mekundu ya masika. Mara mgongo mweusi ukaonekana pale penye kina kifupi. Alikuwa ningu jike, anajisukuma kwenye mawe, anapumzika, anajisukuma tena. Watu wote wakainama kumtazama.

Ndoana ikatupwa.

Ilikuwa ya Bwire.

Alimpata mara moja, akamvuta kwa ustadi wake uleule. Akainama, akachomoa ndoana, akageuka kwa mkwe wake akitabasamu. "Umemwona, mama? Namwachia. Huyu amekataliwa na…"

Hakumaliza. Ningu alikuwa amegeuka tumbo juu. Alikuwa ametoka mbali, amechoka, nguvu za mwisho alizokuwa nazo alizimaliza kwenye mshipi wa Bwire. Bwire alimshika, akamsukuma mbele, akamsukuma nyuma, akamwita kama anayeita mtu aliyezirai. "Nenda, mama. Nenda, nakuomba." Maji yalimzungusha tu.

Hakuna aliyecheka. Hata Masatu.

"Nilisema isitupwe ndoana hata moja," Bi Nyamumwi alisema. "Hata moja, Bwire. Ulidhani yako haihesabiki?"

"Mimi nilikuwa nawalinda, mama."

"Ulikuwa unavua. Ulikuwa unavua ukitaka kusifiwa. Nenda kaangalie kule chini kwenye matete, uone wangapi uliowaachia wamekwama huko wananuka."

Bwire hakwenda kuangalia. Alijua. Harufu alikuwa ameisikia tangu juzi, akajiambia ni ya majani.

Alitoka majini. Alikata mshipi, akaikunja ndoana mpaka ikavunjika, akaenda kukaa ukingoni pamoja na wenzake, mikono mitupu kama wao. Masatu akasogea kidogo kumpa nafasi.

Wakakaa. Jua likapanda. Nyanjura naye alikaa, lakini mbali. Watu wakaanza kusema pengine yule ndiye alikuwa wa mwisho, na wengine wakamtazama Bwire kwa jicho baya, naye akastahili.

Halafu mgongo mwingine ukaonekana pale penye kina kifupi. Alikuwa mdogo kuliko yule, naye ana tumbo. Akajisukuma kwenye mawe, akateleza, akarudi nyuma. Mkono wa Bwire ulishtuka wenyewe, kwa mazoea, akaukalia. Nasema aliukalia, chini ya paja lake, mbele za watu. Ningu akajaribu tena. Akapita. Maji ya juu yakamfunika.

Bi Nyamumwi alifuta macho kwa pembe ya khanga, kisha akatazama pembeni kama vile hakufuta kitu.

"Mchukue mkeo," alisema.

Bwire akainuka, akaenda pale alipokaa Nyanjura, akachuchumaa. Nyanjura alimtazama nguo zilizolowa, akatazama na mikono yake.

"Jembe liko wapi?" Nyanjura aliuliza.

"Nyumbani."

"Basi twende. Utaanza na matuta ya mchicha. Na nyungunyungu wote utakaowakuta, utawafukia palepale."

Hivyo mpaka leo masika yakija Kirumbe, wanaume wanakaa ukingoni bila ndoana, wameikalia mikono yao, wakwe zao wakiwa wamesimama nyuma yao. Ningu hawajawa wengi kama zamani. Ila wanapita.

Sasa wewe. Usinijibu "asante kwa ujumbe mzuri." Usiniletee ile alama ya simu ya mikono iliyokunjwa. Mpelekee yule anayesema yeye anavua mmoja mmoja, na yule anayesema yeye huwa anawaachia. Kisha nenda kafungue picha zako, umtazame tumbo huyo samaki uliyemshika.

Funzo: Kabla hujazihesabu ndoana za wenzako, itoe yako majini kwanza, maana samaki anayepanda kutaga hatofautishi ndoana ya mwizi na ndoana ya mlinzi.