Pimbi Achagua Wavushaji wa Mto

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla mto wowote haujajengewa daraja, Kiboko alikuwa na kazi ya kuvusha watu. Aliyetaka kwenda ng'ambo alipanda mgongoni, akashika sikio, na chubwi! safari ikaanza. Nauli ilikuwa boga moja.

Kazi ilikuwa nzuri, ikazidi kuwa nzuri. Ng'ambo kulifunguliwa gulio, na siku ya gulio foleni ilianzia majini ikaishia kwenye michongoma. Swala na mitungi yake ya maziwa, Nguruwe na magunia ya viazi, Kanga na vifaranga wake wasiotulia. Na wote hao walingoja mgongo mmoja tu.

"Utaajiri lini, Kiboko?" walipiga kelele. "Viazi vinachipua humu humu guniani!"

Juu ya jabali kando ya mto aliishi Bi Pimbi. Alikuwa mdogo, hana hata mkia, na kutwa anaota jua. Walimwita mvivu. Lakini Pimbi hakuwa akiota jua tu. Alikuwa akitazama watu. Alijua nani humsubiri mwenzake penye utelezi, na nani humkanyaga akapita. Alijua pia kwamba Kiboko, tangu afiwe na mkewe, huogelea akiacha nafasi upande wa kushoto. Marehemu ndiye aliyekuwa akiwajua watu. Kiboko aliyajua maji.

Siku moja Kiboko akafunga kazi, akaenda kutafuta wafanyakazi. Wateja wakabaki ukingoni wakipiga miayo. Akarudi na mpwa wake, kijana mwenye mgongo mpana kama ua wa nyumba. Safari ya kwanza tu, jua likamchoma, kijana akazama. Chubwi! Nguruwe akaibukia kule mbali, gunia tupu kichwani.

"Lo! Viazi vyangu!"

"Pole, mzee," akasema kijana. "Nilisikia joto."

Pimbi akateremka jabalini, tupu-tupu-tupu.

"Bwana Kiboko, ukienda kutafuta watu, nani anavusha? Ukivusha, nani anatafuta? Niachie mimi kutafuta."

Kiboko akacheka mpaka maji yakatikisika. "Wewe? Hata kuogelea hujui!"

"Sijui. Ndiyo maana nimewatazama sana wanaojua. Wewe vusha, mimi nichague. Kila nitakayemleta akidumu mpaka mvua, nipe boga. Asipodumu, usinipe hata mbegu."

Kiboko akachezesha masikio. "Haya. Lakini fanya haraka! Gulio ni kesho."

Pimbi akamtuma Korongo akawaite viboko wa bwawa la juu. Kabla Korongo hajarudi, matete yakafunguka, wakatokea mamba watatu.

"Tumesikia mnataka wavushaji," akasema Magamba, mkubwa wao, akitabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Sisi hatuzami kwa joto," akasema Taya.

"Wala mshahara hatudai," akasema Kokoto, akimtazama mtoto wa Swala aliyesimama na mamaye kwenye foleni. "Tukishiba, yatosha."

Kiboko akaruka kwa furaha, puu! "Umesikia, Pimbi? Bure! Na tazama migongo hiyo! Waanze sasa hivi!"

Pimbi akapima mambo. Akiwakataa, atamezwa kabla hajafunga mdomo. Akikaa kimya, kesho mtoto wa Swala hatafika gulioni. Akasimama kwa miguu ya nyuma, akapiga makofi.

"Mlikuwa wapi siku zote, wakubwa zangu! Nimewachukua wote watatu!"

"Hooo!" wakafurahi mamba.

"Na sisi hapa wafanyakazi wetu tunawaheshimu. Watoto wao huvuka bure, tena huvuka wa kwanza, wateja wote wakiona. Mna watoto?"

"Wangu wapo hapo kwenye matete," akasema Taya kwa majivuno.

"Waite basi. Watapanda mgongoni kwa Magamba."

Taya akageuka, akayatazama magego ya Magamba.

"Kwa nani?" akauliza Taya.

"Kwa Magamba. Wewe utawabeba wa Kokoto, naye Kokoto atawabeba wa Magamba. Mvushaji habebi wa kwake. Huo ndio utaratibu wa kazi."

"Wangu nitawavusha mwenyewe."

"Kwa nini? Si mwenzako huyu? Si mmekuja pamoja?"

"Mwenzangu? Ebo! Mwaka jana alimmeza mwanangu wa kwanza!"

"Nilidhani ni chura!" akafoka Magamba.

"Chura anayekuita mjomba?"

"Na wewe Taya," akadakia Kokoto, "mayai ya dada yangu yalikwenda wapi?"

"Ala! Si tulikula wote?"

Foleni nzima ikasikia. Swala akamvuta mwanawe nyuma ya miguu yake. Kanga akatandaza mabawa juu ya vifaranga.

Pimbi akauliza kwa upole, "Samahani, wakubwa. Nyinyi wenyewe hamthubutu kupakizana watoto. Sasa hawa wa foleni niwapakie kwa nani?"

"Kumbe kipande hiki cha nyama kinatuchezea!" Magamba akaruka. Kacha! Meno yake yakakutana na hewa tupu. Pimbi alikuwa tayari juu ya jabali.

Kiboko akafungua kinywa, kile kinywa kinachovunja mtumbwi, akanguruma: "Tokeni mtoni kwangu!"

Pwaa! Pwaa! Mikia ikapiga maji, mamba wakakimbilia chini mtoni, huku wakibishana bado juu ya mayai.

Kiboko akamgeukia Pimbi. "Ningewaajiri," akasema.

"Ungewaajiri," akakubali Pimbi. "Uliitazama migongo. Na kweli, ilikuwa migongo mizuri."

Asubuhi viboko wa bwawa la juu wakafika. Pimbi akamwendea wa mbele, mama mmoja mnene aitwaye Bi Tope.

"Ukiwa kazini, mwanao atabebwa na nani?"

Bi Tope akashangaa. "Na aliye karibu. Si wetu sote?" Na kweli, mwanawe alikuwa amelala fofofo juu ya mgongo wa jirani.

"Umepata kazi," akasema Pimbi. "Na jirani yako pia."

Jua lilipopanda, wa kwanza kwenye foleni alikuwa Swala. Akamtazama Bi Tope. Akautazama mto. Akainua macho kwa Pimbi, na Pimbi akaitikia kwa kichwa: ndiyo. Basi Swala akamwinua mwanawe, akampandisha yeye mwenyewe kwa Bi Tope, kisha akapanda mgongo wa kiboko aliyefuata nyuma, na mitungi yake. Chubwi, chubwi, chubwi! Mto ukajaa migongo, na hakuna tone la maziwa lililomwagika.

"We Kiboko!" wakaita wauzaji wa ng'ambo. "Watu wazuri hivi umewapata wapi?"

Kiboko akajibu kwa sauti iliyosikika pande zote mbili: "Mimi navusha tu! Aliyewachagua ni Bi Pimbi! Yule pale, msalimieni!"

Vigelegele vikapanda kutoka majini, naye Pimbi akasimama wima ukingoni mwa jabali, mahali pa kuonekana na wote.

Basi wanangu, kazi yako ikikua, mwachie anayewajua watu akuchagulie watu, nawe ubaki kwenye kazi unayoijua.