Muundi wa Chungu cha Faki

Hapa hapa Wete, enzi ambazo wazee wetu walikuwa bado wanacheza gololi, palikuwa na muuza supu tajiri, Bwana Faki, kifua kama mlango na mkono mgumu kufunguka. Mifupa yote ya machinjioni ilikuwa yake.

Bi Mize, fundi wa kuchonga udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu, alimwendea. Harusi ilikuwa imekaribia, na udi alioagizwa ulikosa kile kipande cha mfupa cha kupitishia nyuzi shingoni.

"Nigaie mfupa mmoja tu wa muundi wa ng'ombe, Bwana Faki."

"Mifupa yangu ya supu. Wewe kachonge ukuni!"

Kesho yake asubuhi Bi Mize akarudi, akaketi katikati ya wateja, akaonja supu, kisha akachungulia chunguni.

"Bwana Faki, muundi huu si ndio ule wa wiki iliyopita? Mbona alama ya shoka ni ile ile?"

Wateja wakaweka bakuli chini.

"Mwongo!" Bwana Faki akanguruma. "Mimi mfupa ukishachemka mara moja, nautupa!"

"Basi utupe tuone."

Akauchomoa, akauvurumisha barabarani. Wateja wakashangilia, wakaendelea kunywa.

Siku ya harusi udi ulilia vizuri mno. Bwana Faki akausogelea, akakikodolea macho kile kipande cha mfupa shingoni, chenye alama ya shoka.

"Bi Mize, huu si muundi wangu?"

"Ndio wenyewe," akamnong'oneza. "Mfupa wa udi lazima uchemke wiki nzima utoke mafuta, nami sina kuni. Huo uliomo chunguni sasa usiutoe, nina udi mwingine mwezi ujao."