Tembo, Digidigi na Maneno Mawili ya Kizungu

Hapo zamani za kale, na wewe pale acha kumtekenya mwenzio, wanyama walishikwa na homa ya Kizungu. Mzee Tembo akafungua darasa kando ya kisima chake.

"'Hear' na 'listen' ni kitu kimoja!" akafundisha. "Yote ni kazi ya sikio. Nani ana masikio kunishinda?"

"Hapana, Mzee," akasema Bi Digidigi, ambaye hamfikii Tembo hata gotini. "'Hear' inakuja yenyewe, hata usipotaka. 'Listen' unaifanya mwenyewe, kwa moyo. Ndiyo maana haimfikii mtu mpaka ishikwe mkono na 'to': 'listen to me'."

Tembo akapiga mguu chini, ti!

"Unanikosoa mbele ya wanafunzi? Nionyeshe hiyo tofauti kabla Ijumaa haijaisha. Ukishindwa, usikanyage tena kisimani kwangu!"

Maskini, Bi Digidigi alilia njia nzima. Kilikuwa kiangazi, ana mtoto anayenyonya, na kisima kingine hakuna.

Alhamisi jioni akawachukua Kobe na Kanga wawe mashahidi. Wakamkuta Tembo anacheza bao na Ngiri. Si mnawajua wacheza bao? Nyumba iungue, wao wanahesabu kete.

"Hodi, Mzee Tembo."

"Mmh."

"Naomba kisima hiki kiwe changu mimi na mwanangu."

"Naam, naam." Ta, ta, ta, kete zikaingia mashimoni.

"Umekubali?"

"Nimekubali, mama, nimekubali. Ngiri, cheza!"

"Lakini umenisikia?"

"Loo! Na masikio yote haya nisisikie?"

Ijumaa wanafunzi walipofika, Bi Digidigi alikuwa ameketi ukingoni mwa kisima. "Karibuni kwangu," akasema.

"Kwako tangu lini?" Tembo akafoka.

Kobe na Kanga wakaeleza yote ya jana, neno kwa neno.

"Aka! Nilisikia sauti tu, sikuwa nasikiliza! Akili yangu ilikuwa kwenye bao!"

"Kumbe ni vitu viwili, Mzee?"

Tembo akaona amenaswa. Akisema ni kitu kimoja, kisima kimekwenda. Akisema ni viwili, ameshindwa. Aibu ikamshika, masikio yakamlegea.

"Ni viwili, mwanangu," akasema polepole. "Kunywa maji, umnyonyeshe mtoto. Kisha uje unifundishe hiyo 'to' yako."

Masikio tumepewa bure, wanangu, lakini kusikiliza ni kazi.

Haya, wewe unayeitika "mmh, mmh" tangu mwanzo, nimesema nini?