Basi la Msiba wa Korowe

Ajenda ya Pekee: Utaratibu wa Matumizi ya Basi la Chuo katika Mazishi ya Shangazi yake Makamu Mkuu wa Chuo.

Profesa Barimo, Makamu Mkuu, alitazama meza nzima akaridhika. Manaibu, wakuu wa vitivo, msajili, wote walikuwa wa kabila lake, wengi wao wa kijiji kimoja huko Korowe. Mgeni alikuwa Dakta Saumu Kitsao, mwakilishi wa wahadhiri, peke yake. Seneti ilikwisha kumpandisha cheo pamoja na wenzake wanane, ikabaki sahihi ya Profesa tu. Mwaka wa tatu huu, Profesa alikuwa bado "anatafakari."

"Naibu mmoja abaki akaimu," alisema.

"Poleni sana kwa msiba," Saumu alisema kwa upole. "Ila huyo atakayebaki, nyumbani si watasema cheo kimemsahaulisha kuzika?"

Manaibu wakaruka pamoja. "Mimi sibaki!" "Mimi ndiye mbeba jeneza!"

"Sasa kiti nimwachie nani? Sheria hairuhusu kikae wazi."

"Kwa siku moja, Profesa? Hata mimi nitapokea simu. Mimi si wa huko, nani ataniulizia?"

"Kumbe hata wewe una kazi hapa!" Profesa alicheka, akamwandikia barua ya ukaimu papo hapo.

Alhamisi basi liliondoka limejaa hadi mlangoni. Shangazi alizikwa kwa heshima zote. Chuoni, Kaimu Makamu Mkuu alipokea simu mbili, akatia sahihi barua tisa za kupandishwa vyeo, yake ikiwa ya mwisho.