Sultani Hamduni na Mlango wa Bi Mwanaate

Hapo zamani, watu walipokuwa wakiwaogopa wafalme na wafalme wakiwaogopa wake zao, palikuwa na mji wa mawe ukiitwa Magofuni, na mtawala wake alikuwa Sultani Hamduni. Hakuwa mkatili sana, wala hakuwa mwema sana. Alikuwa na mali nyingi na kazi kidogo, na mtu wa namna hiyo, jamani, muogopeni.

Basi siku moja akasimama mbele ya nyumba ya marehemu babu yake, iliyokuwa gofu la popo na majani, akasema, "Nitaifufua nyumba hii, nami nitahamia humo, na ndani yake hakitaingia kitu kipya hata kimoja. Kila kitu kiwe cha kale." Waziri akasema, "Rai njema, Maulana," kwa kuwa ndiyo kazi aliyoajiriwa, kusema rai njema.

Ikawa mafundi wakapandisha boriti, wakapiga chokaa, wakatengeneza zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya kupangia vyombo. Kisha Sultani akaanza kutafuta vya kuijaza nyumba, na hapo ndipo mji ulipokoma. Mwenye kitanda cha bibi yake alinyang'anywa. Mwenye sahani ya Kichina iliyopasuka alinyang'anywa, na mwenye sahani nzima akafukuzwa, akaambiwa haijazeeka. Wachuuzi nao si wajinga. Bakuli la jana walilizika kwenye samadi kwa muda, wakalifukua, wakasema ni la enzi za Nabii Suleimani, na Sultani akalinunua huku machozi yakimlenga. Waziri alipewa kiti cha miguu mitatu, akawa anakikalia kwa kujikaza, jasho likimtoka, na kila akiulizwa hali hujibu, "Starehe tupu, Maulana." Vitanda vilikuja pamoja na kunguni wao, na Sultani akakataza wasiuawe, akasema huenda nao ni wa kale.

Hata mlango wa uani, kwa kuwa ulikuwa mpya, aliamuru uzibwe kwa mawe. Ikawa hapana pa kuingilia wala pa kutokea ila mbele tu, na huko mbele hapakuwa na mlango, palikuwa na tundu. Mlango mmoja wa zamani aliwahi kuletewa, lakini watumishi waliusugua kwa mchanga mpaka nakshi zikafutika, ukabaki kama ubao wa kukatia samaki. Sultani alilia siku nzima, na watumishi wale hawakuonekana tena mjini.

Sasa, katika mji huo alikuwapo mtu mmoja jina lake Famau. Hana mbele wala nyuma, hana shamba wala chombo cha baharini. Alichopewa na Mungu ni ulimi. Alikuwa akiishi katika nyumba ya ukoo wa mkewe, Bi Mwanaate, nayo ilikwisha kuanguka ikabaki chumba kimoja na ukuta wa mbele. Lakini katika ukuta huo palikuwa na mlango! Mbao zake nzito, nakshi zake maua na minyororo, komeo lake la ndani nene kama paja la mtu. Hakuna aliyejua umechongwa lini, ila wote walijua kwamba kila binti wa ukoo ule ameolewa kwa mlango ule.

Tena ulikuwa na desturi yake. Siku ya harusi wanawake hukaa ndani, wakatia komeo, na hapiti mwanamume yeyote, awe bwana harusi, awe kadhi, awe baba wa binti, mpaka atoe kifungua mlango. Kwingine kifungua mlango ni zawadi ya kawaida tu. Katika mlango ule wanawake hutaja wanachokitaka, na wakishataja hapana kubembeleza. Famau mwenyewe, siku aliyomuoa Mwanaate, aliambiwa awike kama jogoo, naye akawika mbele ya wakwe na majirani, kwa kuwa alimtaka mke.

Na wakati huo binti yao wa pekee, Tima, alikuwa amechumbiwa na Shali, kijana mshona kofia, na harusi ilikuwa Ijumaa.

Hata siku chache kabla ya Ijumaa hiyo, Sultani akapita mtaani na waziri na askari wake. Akauona mlango. Akasimama. Akashika moyo.

"Huu!" akasema. "Mlango wangu ndio huu!"

Famau akatoka, akainama. "Maulana, Ijumaa namwoza binti yangu kwa mlango huu. Niachie mpaka Jumamosi, nami nitaubeba mwenyewe mgongoni."

"Ijumaa namkaribisha Sultani wa Mtangani nyumbani kwangu. Unataka nimpitishe kwenye tundu?"

"Na mimi mkwe wangu nimpitishe kwenye tundu?"

"Wewe ni maskini. Tundu linakufaa."

Ndani ya nyumba Bi Mwanaate akasonya, msonyo mrefu uliofika mpaka barabarani, na askari mmoja akajifanya hakusikia. Famau akakuna kichwa, akatazama mlango, akamtazama Sultani, akasema, "Sawa, Maulana, wewe ndiye mwenye nchi. Lakini ukale wa mlango huu si mbao peke yake. Una mambo yake, una desturi zake, una watu wake..."

Sultani hakumngoja amalize. "Yote nayataka! Wale wapumbavu waliniletea mlango wakaupunguza ukale, safari hii sikubali. Naapa mbele ya waziri na askari hawa: kila lililo la mlango huu hapa, liwe la mlango huu kwangu. Atakayepunguza hata chembe, kichwa chake kikatwe."

"Awe nani, Maulana?"

"Awe yeyote!"

Famau akainama tena, chini zaidi. "Nimesikia, na nimetii."

Basi mlango ukang'olewa, pamoja na miimo na kizingiti chake, ukachukuliwa. Tima akajifunika uso akalia kwa kwikwi. Bi Mwanaate akasimama penye tundu, mikono kiunoni, akamshukia mumewe kwa maneno.

"Baba Tima, umesimama unainamainama kama bata, watu wanabeba mlango wa mama yangu! Ijumaa Shali atabisha wapi? Atabisha kwenye upepo?"

"Mama Tima, harusi iko palepale."

"Palepale wapi, mwanamume wewe?"

"Mlangoni," akasema Famau.

Mwanaate akamkazia macho. Kisha akaanza kutikisika mabega, na kicheko kikamtoka mpaka Tima akanyamaza kulia ili asikie kuna nini. Jioni ile ile Mwanaate akapita nyumba kwa nyumba akiwaalika wanawake wa mtaa, na walioambiwa harusi inafanyika wapi walisema hawaikosi hata wakiwa na homa.

Ikafika Ijumaa. Mlango ulikuwa umekwisha kusimamishwa nyumbani kwa Sultani, na Sultani amekwisha kuubandika shavu na kuulilia. Ndani, sinia za pilau na mbuzi wa kuchoma zilikuwa tayari kwa ajili ya mgeni. Basi Sultani wa Mtangani alipowasili, wakafuatana kwanza kwenda msikitini, Sultani Hamduni akiwaachia askari wawili mlango. Naam, walipopinda tu kona, Famau akatokea na wanawake wa mtaa mzima, na katikati yao Tima, amefunikwa gubigubi, ananukia udi.

"Mnakwenda wapi?" akauliza askari.

"Tunaleta ukale," akasema Famau. "Mlango ulitangulia, ukale wake ukabaki nyuma unajipamba. Hawa ndio watu wa mlango, na leo ndiyo siku yao. Wewe ulikuwapo Maulana alipoapa, au sivyo?"

Askari akakumbuka kiapo, akajishika shingo. "Piteni, mama zangu! Piteni upesi, asisahauliwe hata mmoja!"

Wanawake wakapita, Famau akabaki nje. Komeo likaanguka mahali pake, na wapishi wa kike waliokuwa jikoni, walipojua ni harusi, wakafungua sinia bila kuulizwa.

Haukupita muda, Sultani akarejea na mgeni wake, huku akimwambia, "Sasa utaona kitu," na kutoka njia ya pili akaja Shali na kadhi na watu wake kwa kaswida na matari. Wote wakakutana barazani. Sultani akausukuma mlango kwa kidole, kama mwenye nyumba. Haukufunguka. Akausukuma kwa bega. Wapi! Akabisha kwa ngumi.

"Nani?" ikauliza sauti ya Bi Mwanaate.

"Ni mimi, Sultani!"

"Sultani gani? Tunasikia leo wako wawili."

"Sultani Hamduni, mwenye nyumba!"

"Karibu sana, baba. Umetuletea nini?"

Wanawake wakapiga vigelegele, na wa Mtangani akatazama pembeni, akiuma midomo. Sultani akageuka mwekundu, akapiga ukelele, "Vunjeni mlango!" Askari akainua shoka, na papo hapo Sultani akamrukia, akaupa mlango mgongo na mikono akaitandaza. "Mwendawazimu! Unataka kuigusa nakshi hii?" Askari akabaki na shoka juu, hajui alishushe wapi.

"Mlango wa nyuma, basi!" akasema Sultani.

"Uliuziba, Maulana," akasema waziri kwa upole. "Tulisema ni rai njema."

Hapo Famau akatoka katikati ya watu, ameinama tayari. "Maulana, usihangaike. Huu ndio ukale wenyewe uliouagiza. Siku ya harusi mlango huu haufungukii mwanamume mpaka atoe kifungua mlango, na wanachotaka wanawake ndicho hicho hicho. Desturi hii tumeileta kwako nzima, haikudondoka hata chembe njiani. Ukiingia bila kutoa, umeipunguza. Na uliapa mbele ya waziri kwamba atakayepunguza hukatwa kichwa, awe yeyote. Basi nakuuliza kwa adabu, tukate kichwa cha nani?"

Waziri, kwa mazoea, akafumbua kinywa aseme rai njema, akakifumba kwa mkono. Sultani wa Mtangani naye akashindwa kujizuia, akacheka akiushika mwimo wa mlango asije akaanguka.

Sultani akafuta jasho. Jua lilikuwa kali, tumbo linamlia, na harufu ya mbuzi ilikuwa inapenya chini ya mlango. Akainama penye ufa akasema kwa sauti ndogo, "Haya, bibi, semeni. Mnataka dhahabu? Mnataka hariri ya Shamu?"

Bi Mwanaate akasema, na safari hii hakuwa akitania.

"Hatutaki dhahabu, Maulana. Kifungua mlango chetu ni mlango. Mimi nimeolewa hapa, na mama yangu, na bibi yangu, na wao walipokufa walitolewa kwa mlango huu huu. Mtoto wangu amelia siku zote hizi kama tumefiwa. Tupe mlango wetu, nasi tutakufungulia nyumba yako."

Sultani akawatazama watu waliojaa barazani, akamtazama Shali aliyeshika kofia yake kwa mikono miwili. Akapitisha kiganja juu ya maua yale ya mti, polepole, na kwa kweli ilimuuma, hata Famau aliacha kutabasamu.

"Mnaupenda kuliko mimi," akasema Sultani. "Haya. Nimeutoa."

"Umeutoa na ukale wake?" akauliza Bi Mwanaate.

"Na ukale wake wote, mwanamke, fungua, nakufa kwa njaa!"

Komeo likaondolewa. Vigelegele vikapaa, kadhi akatoa chake akasukumwa ndani, Shali akaambiwa kifungua mlango chake ni kuimba, akaimba vibaya, akaingia. Tima akaolewa kwa mlango wa mama yake, ndani ya nyumba ya Sultani, kwa pilau la Sultani. Pilau lenyewe lilikuwa limekwisha. Masultani wote wawili walikaa chini wakakwangua ukoko, na yule wa Mtangani akaapa kwamba hajapata kula kitu kitamu kama hicho. Alasiri mlango ukapandishwa mabegani mwa watu, ukarudi kwao, bibi harusi akifuata nyuma na mtaa mzima ukiimba.

Sultani akabaki na tundu. Akatundika mkeka, mbuzi wakaula, kisha wakaingia ndani wakalala juu ya vitanda vya kale pamoja na kunguni wao. Mwishowe akakubali yaishe: akamwita fundi, akamwambia amchongee mlango mpya kabisa. Vya watu pia akavirudisha, kila sahani na kila kitanda, na waziri alikuwa wa kwanza kurudisha kiti.

Mlango mpya uliposimama, Famau akaja kuutazama. Akaugonga kwa vidole, akaunusa, akaupapasa nakshi kwa namna ambayo Sultani aliijua vizuri sana, akashika moyo.

"Mlango mzuri huu, Maulana," akasema. "Ukishazeeka, wajukuu zangu watakuja kuuchukua."

Sultani akacheka mpaka kilemba kikamtoka, akakaa kitako juu ya kizingiti kipya.

"Waje, Famau," akasema. "Lakini waambie wasije siku ya harusi."