Namba Kubwa ya Bwana Mkangara

Bwana Mkangara alikitia kufuli kisima cha mtaa, akatangaza kwamba ufunguo ataupata atakayemshinda kwa hesabu. Watu walijaribu siku tatu, wakarudi na ndoo tupu. Siku ya nne akaja Bi Mwatumu, msuka mikeka.

"Wewe nawe unajua hesabu?" Bwana Mkangara alicheka.

"Za kusuka ukili wa mkeka tu, bwana. Nasuka kwa miyaa saba, kumi na moja au kumi na tatu. Andika namba, usinionyeshe. Igawe kwa saba, jibu uligawe kwa kumi na moja, kisha kwa kumi na tatu. Ikibaki hata moja, nitakusukia mikeka bure maisha yangu yote. Isipobaki, nipe ufunguo."

Bwana Mkangara akageuka, akaandika 458.

"Ina tarakimu ngapi?"

"Tatu."

"Tatu tu? Mtu mzito kama wewe? Irudie hapohapo mbele yake, watu wasije wakasema ulishindwa kwa kinamba."

Akatunisha kifua, akaandika 458458. Akagawa kwa saba, hakuna baki. Kwa kumi na moja, hakuna. Kwa kumi na tatu, jasho likamtoka.

"Jibu ngapi, bwana?"

"Mia nne hamsini na nane," akanong'ona. "Namba yangu ya kwanza!"

"Ulipoirudia, uliizidisha kwa elfu moja na moja. Na saba mara kumi na moja mara kumi na tatu ni elfu moja na moja." Bi Mwatumu akanyoosha mkono. "Namba yako umerudishiwa nzima. Mimi nachukua ufunguo tu."