Pindo la Rangi Nyingine

Wapendwa, ninyi wenzangu ambao nywele zimekwisha kuwa nyeupe, naomba mkumbuke mstari mmoja. Haukuwa wa daftarini. Ulikuwa kwenye sketi na kaptura zetu za shule, pale pindo la mwaka uliopita lilipofumuliwa na kushushwa. Juu ya mstari, kaki imepauka kwa jua na sabuni ya mche. Chini yake, kaki ni mpya kama ilivyotoka dukani. Mimi nilikuwa na kaptura yenye mistari miwili. Niliivaa miaka mitatu, na sikumbuki nguo niliyoipenda kuliko ile.

Asimuliaye mfano halazimiki kutaja majina. Lakini shuleni kwetu mtu ambaye jina lake halikuitwa asubuhi alihesabiwa kuwa hayupo, kwa hiyo fundi wangu wa leo ataitwa Yonazi Mrutu. Namweka Usangi, kwenye baraza ya duka, na cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu.

Yonazi alikuwa na miaka arobaini na saba. Kila Januari akina mama walimletea watoto, naye alipima, akakata, na bila kuulizwa akaacha inchi tatu za kukunja kwa ndani. Mama akisema, "Fundi, unanimalizia kitambaa!" alijibu, "Mtoto si mlingoti wa bendera, mama. Huyu atarefuka." Hakuna sare iliyotoka mikononi mwake bila pindo.

Siku moja akapanda barazani Bi Namsifu, binti wa mtaa uleule, ambaye sasa kazi yake ilikuwa kuwaandikisha watu katika mfuko wa pensheni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Namsifu. Sketi au gauni?"

"Leo sishonewi. Nimekuja kukuandikisha pensheni."

Yonazi akacheka mpaka mguu ukaacha kukanyaga. "Pensheni ni ya walimu na makarani, watu wenye mwajiri. Mwajiri wangu ni huyu hapa wa chuma, na hajawahi kuniandikia barua hata moja."

"Siku hizi aliyejiajiri naye anachangia, fundi. Kidogo kidogo, kadiri kazi inavyokuja."

"Ungenijia nina miaka ishirini na mitano. Sasa kitambaa kimekwisha kukatwa, mwanangu. Nitashona mpaka nguvu ziishe, basi."

Namsifu akaacha fomu juu ya meza, akaenda zake. Yonazi akaiwekea mkasi juu isipeperuke.

Wiki ile ile akaja Mzee Kiondo. Huyu ndiye aliyemfundisha Yonazi kushona. Ndiye aliyetushonea sisi zile kaptura za mistari. Alikuwa na miaka sabini na tisa, na macho yake yalikuwa na ukungu.

"Yonazi, nipe chochote nishone. Hata mfuko wa shati."

Yonazi akampa shati. Mzee akalirudisha kesho yake, limekunjwa vizuri, akapokea ujira wake na kushukuru. Alipokwisha kuondoka, Yonazi akalikunjua. Mfuko ulikuwa umeshonwa pande zote nne, mdomo ukiwemo. Tena kwa mishono midogo, iliyonyooka, mishono ya fundi hasa.

Akachukua wembe, akaufumua mdomo wa ule mfuko polepole. Niwaulize, ndugu zangu: mnadhani aliona uzee wa nani katika mishono ile?

Jumamosi Namsifu akarudi, safari hii na binti yake anayeanza darasa la kwanza. Yonazi akampima, akakunja inchi tatu.

"Na fomu yangu?" Namsifu akauliza.

"Nimeiangalia. Nimepiga hesabu pia. Hata nikianza leo, sitafika alipofika mwalimu aliyeanza kijana. Ni aibu kuanza jambo la namna hiyo."

"Fundi, unaikumbuka sketi yangu ya darasa la tano?"

"Sketi ngapi nimeshona mimi!"

"Ile hukuishona wewe. Mama aliinunua sokoni, imeshonwa bila pindo hata la kidole. Nikarefuka, mwalimu akanirudisha nyumbani. Mama akaileta hapa analia. Wewe ulimwambia amechelewa?"

Yonazi akaizungusha futi ya kupimia kidoleni.

"Ulitafuta kipande kwenye mabaki ukakiunga chini. Buluu yake haikufanana na sketi. Watoto walinicheka, wakaniita 'ghorofa mbili'. Lakini darasa la saba nililimaliza nimeivaa sketi hiyo hiyo, fundi. Hiyo hiyo."

Yonazi akauondoa mkasi uliokuwa juu ya fomu. Akauliza, "Jina naandika hapa juu?"

Ndugu zangu, ninyi wenye vibanda, mashine za kusaga na viti vya kunyolea, wapo wanaoniambia kwamba kuweka akiba ya uzeeni ni kutomtegemea Mungu. Haya, tuwaulize mama zetu. Yule aliyemwambia Mzee Kiondo "fundi, acha pindo" alikuwa na mashaka na Mungu? Aliamini kwamba mwanawe atafika mwaka kesho, na atafika akiwa mrefu zaidi. Sisi tuliishi ndani ya imani hiyo tukiwa na magoti yenye vumbi, wala hatukujua kuwa ni imani.

Sasa mama hao hawapo. Hakuna atakayekuja barazani kukuombea pindo. Wewe uliyemlipia mtoto wa ndugu yako karo na kumsomesha mdogo wako, wewe mwenyewe ni nani aliyekupima?

Najua utaniambia umechelewa. Ni kweli, umechelewa. Kipande chako hakitafanana rangi na sketi, na wapo watakaocheka. Unga hivyo hivyo.

Na kwa Mzee Kiondo, ambaye si wa mfano bali yupo kati yetu, na hakuwa na pindo wala mabaki, kipande cha kuunga ni sisi. Msitoke hapa kabla hamjaniambia nani atamtembelea Jumanne.